Kula mpaka tumbo linauma alafu unajilaumu: sio uroho, na kujinyima ndo kunazidisha

Wengi wanaokuja kliniki ya lishe kwa ajili ya unene wanaanza kwa kujitukana. "Dokta mi nina uroho", "mi nimeshindikana", alafu wanaomba dawa ya kupunguza mwili. Sisi maafisa lishe swali letu la kwanza ni jana umekula nini na saa ngapi, na majibu yanafanana mno: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana hamna kitu au tango, jioni kwenye daladala njaa imeshika kweli kweli, akifika nyumbani anakula kidogo mbele za watu, ikifika saa tano usiku wenzake wamelala anaingia jikoni, wali uliobaki, chapati, mkate na siagi, anafakamia akiwa amesimama mpaka tumbo linauma, analala na majuto na kuapa kesho hatagusa chakula. Kesho inaanza tena na chai ya rangi.

Huu ni ugonjwa na unajulikana, kwa Kiingereza unaitwa binge eating disorder, yaani ugonjwa wa kufakamia chakula. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza kwenye mwongozo wao kama ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Kula sana kwenye harusi au sikukuu haihesabiki. Tunachoangalia ni kula kingi ndani ya muda mfupi huku unahisi huwezi kujizuia, angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, tena mara nyingi bila njaa, kwa haraka, kwa kujificha, na baadae unajichukia. Wanaume wanaupata, na watu wembamba pia.

Sasa kujinyima kunaingiaje hapa? Mwaka 1944 na 1945 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wazima wa afya na akili timamu, akawalisha karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi kama 6. Wakaanza kuwaza chakula mchana kutwa, wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi, wakawa na hasira na huzuni, na walivyoruhusiwa kula tena baadhi yao walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Hawa hawakuwa waroho kabla ya pale, ni mwili ulikuwa unadai ulichonyimwa, na mwili wako wewe unayeruka milo miwili kila siku unadai vilevile. Njaa ya makusudi ndo chanzo ninachokutana nacho zaidi, ila kuna pia msongo, msiba, kukosa usingizi (ukilala kidogo homoni ya njaa inapanda na ya shibe inashuka), na maneno ya watu. Ndugu zangu haya maneno ya "bonge" na "we mbona unafumuka hivyo" mbele ya wageni yanaumiza, na mtu akishaumia kimbilio lake ni kulekule jikoni usiku.

Kwa hiyo dawa ya kwanza itakushangaza, nayo ni kula. Kula asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, usikae zaidi ya masaa 4 hivi bila kula ukiwa macho. Asubuhi iwe na kitu cha kushika tumbo, mayai, maharage, uji wa dona wenye karanga, sio chai tupu. Mchana ugali wako wa kawaida na dagaa na mchicha unatosha kabisa, huna haja ya vyakula vya bei mbaya. Soda ndo punguza kweli, chupa moja ya 350 ml ina sukari gramu 35 hivi au zaidi na haishibishi. Na hii naomba uishike: ukifakamia usiku, asubuhi yake kunywa chai na kula kama kawaida, maana ukiruka huo mlo umeshaandaa usiku mwingine.

Chukua kidaftari uandike saa, ulichokula na ulivyokuwa unajisikia. Hamu ikija jua huwa inapanda alafu inashuka yenyewe, pigia mtu simu, oga, toka nje kidogo. Mizani mara 1 kwa wiki tu. Uzito unaweza usishuke haraka na hilo lisikutishe, kwanza tunatafuta usiku utulie.

Chai za kuharisha achana nazo, nguvu ya chakula inakuwa imeshanyonywa kwenye utumbo mdogo kabla ya kuharisha, unachopoteza ni maji na madini kama potasiamu ambayo moyo unayahitaji. Dawa nyingi zinazoitwa za mitishamba za kupunguza mwili zimekutwa na sibutramine, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya moyo na kiharusi. Ukijitapisha makusudi usisubiri, nenda hospitali.

Na kama unanenepa bila kufakamia, inaweza ikawa ni dawa unayotumia, kama prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio), insulini ya kisukari, baadhi ya dawa za akili au sindano ya uzazi wa mpango, au ni tezi ya shingoni (thairoidi) kufanya kazi chini ya kiwango. Usiache dawa mwenyewe, ongea na aliyekuandikia.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, kwenye hospitali ya rufaa ulizia kitengo cha afya ya akili, na ukiwa na mawazo ya kujidhuru nenda leo leo na mtu unayemwamini. Nyumbani msifiche vyakula wala kumhesabia mtu sahani, mwekeeni chakula chake kwa wakati na mkae nae mezani. Ukija kliniki beba dawa zote unazotumia na hicho kidaftari hata kama kina siku mbili tu, na usije na njaa, hatupimi kitu kinachohitaji uwe umefunga mpaka tukwambie.