Kupendekeza kitabu si kukisifu

"Kaka, una kingine kama hiki?"

Swali hilo naulizwa karibu kila siku kwenye meza yangu ya vitabu, vingi vya mtumba na vipya vichache. Anayeuliza amekishika alichomaliza usiku wa jana, pembe za kurasa zimekunjwakunjwa, na anadhani neno "kama" mimi na yeye tunalielewa namna moja. Wapi! Huyu akisema "kama hiki" anataka hadithi nyingine ya mapenzi. Yule, mwenye kitabu kilekile mkononi, anataka nyingine ya Unguja ya zamani. Kupendekeza vitabu ni kazi ya kulifukua hilo "kama" mpaka ujue limeficha nini.

Kwa maneno mepesi, kumpendekezea mtu kitabu ni kumtafutia kitakachomfaa yeye, kwa ladha yake na hali aliyonayo sasa, ukianzia kwenye vile alivyokwisha kuvipenda au kuvitupa. Watu huichanganya kazi hii na kusifu. Ukisifu kitabu unaeleza mapenzi yako, na rafiki yako hana deni la kuyashiriki. Wengine huichanganya na uhakiki. Mhakiki anauliza kama kitabu kimeandikwa vizuri, na anaweza kupatia kabisa bila kumsaidia mtu aliyechoka, anayetafuta cha kusoma kwenye basi la mwendokasi la Dar es Salaam, kutoka Kivukoni kurudi Kimara. Mpendekezaji anamtazama mtu kwanza, kitabu baadaye. Wakutubi wa Marekani wameifanya kuwa huduma rasmi ya maktaba, yenye mafunzo na vitabu vyake vya kufundishia. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ushauri kwa msomaji, ingawa mezani kwangu haina jina. Tunasema tu, "Mtafutie kitu."

Niseme nilivyojifunza kwa kukosea. Dada mmoja anayefanya kazi benki alimaliza Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971 ya binti wa Ukerewe aliyebanwa na baba mkali, na alipofunguliwa kamba uhuru wenyewe ukamponza. Dada alikuja macho bado mazito. "Nipe kingine cha huyuhuyu." Nikampa Nagona. Mwandishi yuleyule, jina lilelile kwenye jalada, nikajiona fundi. Siku ya tatu kikarudi.

"Kaka, hiki nini? Sijaona hata mtu wa kumshika."

Alikuwa na haki. Nagona, ya 1990, ni kitabu chembamba kinachokwenda kama ndoto, falsafa juu ya falsafa, wala hakikuambii kinaelekea wapi. Aliyezoea kumlilia Rosa hana wa kumlilia humo. Mimi nilisikia "huyuhuyu" nikaacha kumsikiliza mwenyewe.

Swali nililopaswa kumuuliza ni fupi: "Humo ndani ulishikwa na nini?" Joyce Saricks, mkutubi wa Marekani aliyeandika na mwenzake Nancy Brown kitabu cha kazi hii mwaka 1989, alishauri tuache kuanza na mada tuanze na vivutio: mwendo wa hadithi, wahusika, mkondo wa kisa, mazingira. Nancy Pearl, aliyekuwa mkutubi wa Seattle, alivipanga kwa namna inayokaa kichwani haraka zaidi. Kitabu, anasema, kina milango minne ya kuingilia: kisa, wahusika, mahali na lugha. Kila kitabu kinayo yote minne, ila mmoja huwa mpana kuliko mingine, na kila msomaji ana mlango aliouzoea.

Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa bado mdogo kwa mzee mwenye duka, anakimbia, anapokewa mtaa wa Ng'ambo na shoga yake Mwajuma, kisha anampenda Denge, kijana mpinga ukoloni anayesakwa na serikali ya Waingereza. Nimewahi kukiuza kwa watu wa kila namna, nao walipomwaga sifa nikagundua kila mmoja alisoma kitabu tofauti. Mama mmoja alikuwa na Yasmin tu, "mtoto wa watu," Denge hata jina alilisahau. Huyo umpe Utengano ya Said Ahmed Mohamed, akutane na Maimuna, binti mwingine aliyefungiwa ndani na baba mpaka akatoka mbio. Kijana wa chuo hakutaka habari za ndoa, alitaka mapambano. Yeye alichukua Kuli ya Shafi huyohuyo, riwaya ya wapagazi wa bandarini na mgomo wao. Mwarabu mmoja mzaliwa wa Unguja, likizoni kutoka Muscat, alikisoma kwa ajili ya vichochoro, ngoma na vibaraza. Kwake kisa kilikuwa kisingizio cha kurudi nyumbani. Na wapo wachache wanaosoma kwa sikio: wanakunukuu sentensi, wanacheka neno. Hao usiwasumbue na njama wala mapinduzi. Wape Mohamed Suleiman Mohamed, Kiu au Nyota ya Rehema, wakalambe Kiswahili.

Kwa hiyo vitabu viwili vya mada moja vinaweza kuwa mbali kama Kigoma na Mtwara, na viwili visivyofanana kwa lolote kwenye jalada vikawa ndugu wa tumbo moja.

Swali jingine lenye faida, na hulisikii sana, ni la vitabu alivyoviacha njiani. Watu wakieleza wanachopenda hupamba kidogo, hutaja vile vya heshima. Waulize walichoshindwa kumaliza, watasema kweli tupu: "Maelezo mengi mno", "watu wengi, nikawachanganya", "mtoto anateswa, nikafunga." Wengine huona haya, kana kwamba wamevunja ahadi. Pearl aliwaruhusu kwa hesabu: soma kurasa 50, kisipokunasa kiache. Ukishapita miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kurasa zinazobaki ndizo unazodaiwa na kitabu. Mwenye miaka 70 anakipa kurasa 30 tu, maana muda wake ni wa thamani.

Hatari kubwa ni kumkisia mtu kwa sura. Siku moja alikuja mzee wa kanzu na kofia safi ya kiua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

Mkono wangu ulishatangulia kwenye rundo la vitabu vya dini. Akautazama, akatabasamu.

"Hivyo ninavyo. Una Willy Gamba?"

Alikuwa anakusanya riwaya zote za Elvis Musiba, za mpelelezi anayepiga risasi na kupenda wanawake wazuri, alizozisoma ujanani miaka ya 70 na 80. Tangu siku hiyo mikono naiweka mfukoni kwanza.

Ajabu ni kwamba mashine nazo zilianzia kwenye ukisiaji huohuo. Mwaka 1979 Mmarekani Elaine Rich alieleza programu aliyoiita Grundy, iliyojifanya mkutubi. Ilikutaka ujieleze kwa maneno machache, ikakuweka kwenye fungu la watu wa aina fulani, ikakutajia riwaya. Siku hizi mbinu ni nyingine. Amazon ilieleza mwaka 2003 kwamba mfumo wake unalinganisha bidhaa kwa bidhaa: vitabu vinavyonunuliwa na watu walewale vinahesabiwa jamaa, na ukinunua kimoja unaonyeshwa jamaa zake. Haijui maana ya Rosa wala ya machozi. Inajua nani kanunua nini, na penye mamilioni ya wanunuzi hilo linatosha kwa mengi.

Kwenye vitabu vya Kiswahili halitoshi. Sisi tunanunua kwa mkono, tunaazimana, kitabu kimoja kinapita nyumba sita na hakuna kompyuta inayojua. Tena wengi hununua riwaya kwa sababu ni kitabu teule cha mtihani. Sasa mashine ikitazama waliokinunua hicho wamenunua nini kingine, itaona nini? Mwongozo wake, na kalamu. Itampa ushauri huo hata bibi anayetaka kujiburudisha kibarazani.

Basi kazi bado ni ya mdomo na sikio, na ina adabu zake. Usitaje vitabu kumi, mtu atakuitikia kwa heshima aondoke bila hata kimoja. Usitaje kimoja pia, maana hapo unaagiza. Viwili au vitatu vinatosha, na visiwe vya aina moja. Usisimulie kisa, eleza ladha: "Hiki kinakwenda taratibu, lakini huyo mama humsahau." Na usimcheke mtu kwa anachopenda. Nimeona muuzaji mwenzangu akikunja uso alipoulizwa hadithi za mapenzi, na yule binti hakurudi tena kwenye meza yake, amehamia kwangu.

Na ile Nagona? Ilikaa kwenye kreti miezi. Mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba. Moja inasema kila msomaji ana kitabu chake, na inayofuata inaigeuza: kila kitabu kina msomaji wake. Hii ya pili niliiona ni maneno ya kujifariji mpaka fundi wa redio wa mtaa wa pili aliposimama kuitoa Nagona chini ya rundo, akasoma kurasa mbili tatu amesimama juani. "Hiki sikielewi," akasema, "nipunguzie bei nikichukue." Amekwisha kunijia mara mbili kuulizia Mzingile, ya Kezilahabi huyohuyo, na bado naitafuta.

Siku hizi naandika kwenye daftari dogo la mistari, lenye madeni upande mmoja na wasomaji upande wa pili. Majina sijui mengi, naandika alama tu. Wiki hii upande wa pili umesomeka hivi: "Fundi redio: Mzingile, ikipatikana mpigie. Mzee wa kanzu: anazo zote, asiuziwe tena Njama ya Musiba. Dada wa benki: Utengano kamaliza siku mbili, kalia tena, kasema sasa basi, anataka cha kumchekesha. Mjaribishe Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake."