Kabla hujanunua rimu kubwa, soma ubavu wa tairi

Kila mwaka, fedha za korosho zikishaingia mifukoni, karakana yetu ya mafunzo hapa Mtwara hupata wageni wa aina moja: vijana wenye Toyota Vitz RS, Suzuki Swift Sport au Honda Fit RS iliyotoka Japani majuzi, wakiulizia rimu za spoti za inchi 17 au 18. Nafundisha ufundi wa magari, na jibu langu huwaudhi. Kwa barabara tunazopita sisi, ukitaka kugusa kipimo cha rimu, shuka inchi moja, usipande. Ila kabla hatujabishana juu ya hilo, humwomba mwenye gari achuchumae kwanza anisomee maandishi ya ubavuni mwa tairi alilokuja nalo, kwa kuwa mara nyingi gonjwa limeandikwa hapohapo.

Gonjwa lenyewe ni neno STUDLESS. Gari lililotumika Japani, hasa kule kaskazini kama Hokkaido, linaweza kufika kwetu likiwa bado limevaa matairi ya theluji. Yanaonekana mapya, kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) nene, na mnunuzi hudhani kapewa zawadi. Ukiziangalia kashata kwa karibu utaona kila moja imechanjwa mikato myembamba, kama iliyopitishwa wembe. Ubavuni kunaweza kuwa na neno hilo la STUDLESS, au picha ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au majina kama Blizzak, iceGUARD na WINTER MAXX. Ni matairi mazuri sana, yakiwa kwao. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini juu ya barafu, kwa sababu mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Huku kwetu, hata usiku wa Julai kusi ikivuma, baridi ya namna hiyo hatuijui. Juu ya lami ya saa nane mchana mwezi wa Novemba, kashata laini hujikunja, gari huyumba kwenye kona, breki huhitaji umbali mrefu zaidi kulisimamisha, na tairi huisha kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Unachohitaji ni tairi la kiangazi, na jina hili hutuchanganya. Kwetu kiangazi ni wakati mkavu, kwa hiyo watu huniuliza: je, mvua zikianza Desemba nibadilishe? Usibadilishe. Kiangazi kinachotajwa ni cha nchi zenye theluji, na kiangazi chao kina mvua tele. Tairi hilo limetengenezwa kwa joto na kwa lami, kavu au yenye maji. Kinachokusaidia kwenye maji ni kina cha mifereji yake. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni huonyeshwa kwa herufi TWI au alama ya pembetatu ndogo; kashata zikilika hadi kulingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi hilo halina tena pa kupitishia maji. Gari litaelea. Kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo linavyoelea upesi, jambo ambalo wapenda rimu hawapendi kulisikia.

Sasa vipimo. Tuseme ubavuni umesoma 195/50R16 84V, kipimo cha Vitz RS nyingi na Swift Sport za miaka ya nyuma. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 50 ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo, yaani nusu yake, milimita 97.5. 16 ni rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo rimu ni milimita 406.4, ongeza ubavu wa juu na wa chini, tairi zima lina kimo cha milimita 601.4. Kimo hiki ndicho cha kulinda. Gia, kipimamwendo na nafasi iliyopo ndani ya madigadi vyote vimepangwa kukizingatia.

Ukipanda hadi 195/45R17, kimo kinakuwa kama milimita 607. Hakuna ubaya, tofauti ni asilimia moja. Ubavu, hata hivyo, umeshuka hadi milimita 88. Ukienda 215/35R18 kimo ni kilekile, ubavu umebaki 75. Maana yake, kati ya ncha ya shimo na ukingo wa rimu yako unakingwa na upepo na mpira usiozidi upana wa kiganja. Gari likiingia shimoni kwa kasi, tairi hubanwa kati ya shimo na rimu, nyuzi za ndani ya ubavu hukatika, na kesho yake unaona nundu. Nundu haizibwi. Fundi pancha anayekuambia ataishonea anakuuzia ajali. Kuna kijana aliniletea matairi mawili yenye nundu na rimu moja iliyopasuka, yote ya safari moja ya kwenda harusini Tandahimba. Rimu hizo alikuwa nazo kwa siku kumi na mbili.

Sasa teremka. 185/60R15: ubavu milimita 111, kimo 603. Tofauti na kile cha awali haifiki milimita mbili, na umepata mto mnene zaidi kwa kila upande. Rimu ndogo kwa kawaida ni nyepesi, shokamzoba hupumua, usukani huwa mwepesi, na gari dogo lisilozidi sana tani moja huchomoka vizuri zaidi kuliko likibebeshwa machuma mapana. Kwenye kona utapoteza ukali kidogo, sikatai. Mtu anayekimbizana kwenye uwanja wa mashindano ana haki ya kunipinga. Anayepita kwenye viraka vya barabara ya Kibiti hadi Lindi, kisha akakata kwenda mashamba ya mikorosho kwenye mchanga na changarawe, hana hoja.

Tahadhari moja kubwa hapa: magari mengine ya spoti yana diski za breki na kalipa (vibanio vya diski hizo) kubwa ambazo rimu ya 15 haipiti. Usinunue kwa kusikia. Funga rimu tupu mbele, izungushe kwa mkono polepole, uone kama kuna nafasi kati yake na kalipa. Na usikubali kuuziwa 195/65R15 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Ni kipimo cha magari ya saizi ya kati, kimo chake ni milimita 634 na zaidi. Kwenye gari letu la mfano kipimamwendo kitasema 100 wakati unakwenda zaidi ya 105, na ukikata kona na abiria wanne utasikia tairi likikwaruza madigadi.

Ile 84V mwishoni watu huiruka. 84 ni uzito: kilo 500 kwa kila tairi. V ni mwendo: kilomita 240 kwa saa, ambao hapa hatuna pa kuufikia, H, yaani 210, inatosha na kubaki. Kwenye mwendo unaweza kulegeza kidogo namna hiyo. Kwenye uzito usishuke chini ya namba ya kiwandani. 81 ni kilo 462 tu.

Tazama pia umri. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanayopangwa juani kando ya barabara huwa na kashata nzuri na mpira uliokwisha kufa. Pindisha kidogo ubavu, ukiona nyufa ndogo, ondoka. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5, na lisitumike baada ya miaka 10 hata kama limekaa buti likiwa spea.

Upepo nausema kwa ufupi, maana umeandikwa mlangoni mwa dereva. Kibandiko cha Kijapani hutumia kPa (kilopaskali), na vipimio vingi vya hapa husoma PSI. 220 ni sawa na PSI 32, 240 ni PSI 35. Pima asubuhi tairi likiwa halijapata moto. Ukipima njiani utakuta namba imepanda, ni kawaida, usipunguze.

Nati ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko yote. Vitz ina matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100. Swift Sport ina matano kwenye 114.3, kwa hiyo rimu haziingiliani na kila mtu anajua. Wasichojua ni kwamba nati za Toyota zina uzi wa 1.5, yaani milimita kati ya mkunjo mmoja wa uzi na unaofuata, na za Suzuki 1.25. Kwa macho zinafanana. Zikilazimishwa kwa mashine ya upepo zinaingia, zinaharibu uzi wa boliti, na gurudumu linakuja kulegea ukiwa mwendoni. Nati ya kwanza ianze kwa vidole. Ikikataa, si yake. Kaza kwa mkato wa msalaba, na kama karakana ina spana ya kupimia nguvu, Toyota ndogo nyingi ni nyutonimita 103.

Kisha kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikishajikalia vizuri kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Anayetoka Mtwara kwenda Lindi, kituo kizuri ni njiapanda ya Mnazi Mmoja: acha zipoe kidogo, kunywa dafu, kisha toa spana.