"Barua ya Masaa 24" na Imani Nyingine Zinazowaponza Wanaohama Kazi

Swali ni lile lile: "Nimepata kazi kwingine, wanataka nianze Jumatatu. Si naandika barua ya masaa 24, kwamba kesho naacha kazi, nawaachia mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, basi?" Kazi yangu ni kushauri watu mambo ya ajira, na hili nimelijibu mara nyingi mno. Acha niliandike.

Hapana, si basi. Kwa sekta binafsi hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Aliye bado ndani ya mwezi wake wa kwanza kazini anatoa siku 7, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki anatoa siku 4. Mkataba unaweza kuongeza muda huo, mradi ulingane kwa mwajiri na mfanyakazi. Notisi iandikwe, ionyeshe sababu na tarehe.

Sasa hilo la kulipa badala ya notisi. Aliyepewa nafasi hiyo na sheria ni mwajiri: yeye ndiye anayeweza kukuambia usirudi kesho, chukua malipo ya kipindi chako cha notisi. Mfanyakazi hakupewa, labda mkataba wake uwe umempa. Kwa hiyo soma mkataba kwanza. Kipengele kikiwemo, kitumie kwa amani kabisa, maana ndivyo mlivyokubaliana. Kisipokuwemo, nenda kaombe uachiliwe mapema, na ukikubaliwa pata maandishi.

Wengine hunijibu kwamba sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri kukata kwenye stahiki za anayekataa kufanya kazi wakati wa notisi, kwa hiyo akishakatwa amemaliza. Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Makato yale ni fidia kwa mwajiri uliyemvunjia makubaliano, na hayakufanyi uwe umeyatimiza. Mhasibu akiingia mitini Ijumaa na nywila za mfumo wa kodi, tarehe 7 inafika na PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, inadaiwa, wala hakuna ofisini anayejua hesabu ziliishia wapi. TRA, mamlaka ya mapato, haitasubiri. Kijana aliyeachwa mezani peke yake anakesha akipekua mafaili, na ule mshahara wa mwezi mmoja haumsaidii hata kidogo.

Mwenye mkataba wa muda maalumu ndiye anayejidanganya zaidi. Ulisaini miaka miwili. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema unaweza kuacha kazi kabla ya muda pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa kiwango kikubwa, au mkikubaliana kuumaliza mapema. Kama mkataba wenyewe hauna kipengele cha notisi, huwezi kuandika siku 28 ukajiona umemaliza. Kaeni mezani mzungumze.

Ushauri wangu, ambao wanaonifahamu wameuchoka: andika makabidhiano kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Orodhesha kazi zinazoendelea na zilipofikia, funguo, nywila, vifaa, masurufu (fedha ulizopewa kwa shughuli za kazi) ambayo hujayarejesha. Mpokeaji asaini, nawe usaini, kila mmoja abaki na nakala. Hata anayeondoka kwa hasira anaweza kufanya hivi, na huyo ndiye ninayemsisitizia zaidi.

Sasa zile imani nyingine ninazozisikia. "Notisi yangu itaishia kwenye likizo." Haiwezekani. Notisi haitolewi ukiwa likizo, wala haiendi sambamba nayo.

"Nikiacha mwenyewe napoteza kila kitu." Si kweli. Unalipwa siku ulizofanya kazi na likizo uliyoistahili hujaichukua, na unapewa hati ya utumishi. Usichopata ni kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, kwa sababu hicho huwalenga walioachishwa na mwajiri.

"Namba za wateja ni zangu, niliwatafuta mwenyewe." Uliwatafuta ukilipwa mshahara. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuhamisha orodha ya majina na simu za watu kwenda kwa mwajiri mpya ni jambo linaloweza kukufikisha pabaya.

"Kazi mpya nilikubali kwa simu tu, sijasaini." Na kwa neno lako waliwapigia waombaji wengine kuwaambia nafasi imejaa. Bosi wako wa sasa akikuongezea mshahara ukaamua kubaki, wapigie siku hiyo hiyo. Usizime simu.

"Wakijua nina notisi ya mwezi watampa mwingine." Wapo watakaofanya hivyo, sikatai. Lakini waajiri wengi nao hudai notisi kwa watu wao, na wanaelewa. Taja tarehe ya kweli kwenye usaili, kabla hujaulizwa, na barua ya ajira ikija hakikisha tarehe ya kuanza iliyoandikwa ni hiyo hiyo.