Lugha, sanaa na uzungumzaji shuleni: tunayoyaamini na yalivyo

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi nchini Kenya liliingia Gredi ya 10, ambapo kila mwanafunzi huchagua mkondo wa masomo, Januari 2026, na yale maneno ya siku zote yakapata nguvu mpya: mwenye akili aende sayansi, aliyelegea aachiwe lugha na nyimbo. Nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa watoto wenyewe, ambao huyasema wakiwa wameshajihukumu. Mengi hayana msingi. Machache yana chembe ya ukweli, na hayo nayo nitayataja. Lakini kosa linalozaa mengine yote ni moja: kudhani kwamba lugha, sanaa na uzungumzaji huja vyenyewe, havihitaji mwalimu aliyevisomea wala saa kwenye ratiba.

"Kiswahili ni rahisi, si tunakiongea kila siku?"

Hii imewaangusha wengi kuliko ugumu wa somo lenyewe. Tangu mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya, na mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari katika mfumo huo, hukutana nacho katika karatasi tatu. Insha ina alama 40. Karatasi ya lugha ina alama 80: ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, yaani jinsi lugha inavyotumika katika jamii. Fasihi nayo ina alama 80, na humo mna riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Anayeingia chumba cha mtihani akitegemea Kiswahili cha matatu na sokoni amejitayarishia sehemu ndogo sana ya hayo.

Mtoto wa Nairobi anayesema "ile kitabu yangu" anaeleweka vizuri na kila mtu anayempenda. Darasani anatakiwa aseme "kile kitabu changu", kisha aende mbele ya hapo: ageuze usemi halisi kuwa usemi wa taarifa bila kuharibu nyakati, anyambue "ogopa" apate "ogofya", aeleze mshairi amelirefusha au kulifupisha neno kwa sababu gani. Hayo hayaokotwi njiani. Wa Mombasa naye hajaokoka kwa kuzaliwa pwani. Anayesema "ndoo hapa" akiwa na maana ya "njoo" amelelewa ndani ya Kimvita, lahaja aliyoitungia Muyaka bin Haji mashairi yake katika karne ya 19. Mwalimu anayemcheka mtoto huyo mbele ya darasa amekosea mara mbili. Kazi yake ni kumwonyesha kwamba anacho Kiswahili cha nyumbani kwao chenye hadhi yake, na kwamba kipo cha karatasi ya mtihani, na kila kimoja kina mahali pake.

Na kuna jambo ambalo wasiofundisha lugha hawalioni. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja ameandika insha ya kurasa mbili: hizo ni kurasa 100 za kusomwa neno kwa neno. Mwenye madarasa manne kama hayo ana kurasa 400 kabla hajagusa kazi ya fasihi. Insha haisahihishwi kwa kulinganisha na jibu lililo nyuma ya kitabu. Mwalimu lazima aingie ndani ya fikra za mtoto, aone aliposhika na alipopotea, na amwandikie neno litakalomsaidia insha ijayo. Shule inayompangia vipindi vingi kwa sababu "ni Kiswahili tu" inaua insha, kwa kuwa mwalimu aliyechoka hupunguza idadi ya insha anazotoa, na mwanafunzi hajifunzi kuandika kwa kuelezwa namna ya kuandika.

"Kuzungumza mbele ya watu ni kipaji. Unacho au huna."

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huwanyamazisha watoto kabla hawajajaribu. Kusimama na kusema kuna vipengele vinavyofundishika kimoja kimoja: kuvuta pumzi kabla ya sentensi ndefu, kutua pale maana inapotua, kupandisha sauti bila kupayuka, kumtazama msikilizaji wa safu ya nyuma, kujua mikono ikae wapi. Mwanafunzi mkimya akifundishwa hayo kwa muhula mmoja, na akapewa nafasi ya kusimama mara kwa mara, hubadilika. Anayesifiwa tangu utotoni kwamba "anajua kuongea" mara nyingi ana mazoea ya kuongea haraka tu.

Tatizo ni kwamba mtihani wetu haujaipa kazi hii uzito wake. Katika KCSE, stadi za kuzungumza za Kiingereza hupimwa kwa kuandika: mtahiniwa anaeleza kwenye karatasi angetamka vipi, angetua wapi, angeonyesha heshima gani katika mazungumzo. Kiswahili nacho hakina karatasi ya kuongea. Anayefanya Kifaransa au Kijerumani, kwa upande mwingine, huketi mbele ya mtahini na kusema. Kwa hiyo yumkini kijana wa Kenya akamaliza Kidato cha Nne akiwa amepimwa kuongea lugha ya Paris au ya Berlin, na hajawahi kupimwa kuongea lugha ya taifa lake. Walimu hufundisha kuelekea mtihani, na siwalaumu. Ndiyo maana vilabu vya mijadala na vipindi vya kukariri ushairi vina thamani kubwa kuliko vinavyopewa; katika shule nyingi hapo ndipo mahali pekee sauti ya mtoto inaposikika na kurekebishwa.

Pamoja na dhana hii huja nyingine, kwamba mwenye kigugumizi asipandishwe jukwaani ili asiaibike. Ukweli ni kwamba wengi wenye kigugumizi hupungukiwa nacho sana wanapoimba, au wanapotamka maneno pamoja na wenzao. Ushairi wa kukaririwa na kundi zima kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumkaribisha mtoto huyo. Haumponyi, na mwalimu asimwahidi hivyo. Ila humpa nafasi ya kusikia sauti yake ikitoka bila kukwama, mbele ya watu, na wakampigia makofi. Nje ya jukwaa anahitaji kitu kidogo tu kutoka kwetu: tumngoje amalize, tusimmalizie neno.

"Drama na muziki hula muda wa masomo."

Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama mwaka 1959. Yote mawili yalianza chini ya Waingereza, kwa vipande vyao na lugha yao. Alliance High School ya miaka ya 1950 ilikuwa ikiigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka. Leo jukwaani kuna michezo ya kuigiza, masimulizi, ngoma bunifu, mashairi, hata filamu fupi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha za jamii zetu. Shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, kisha kitaifa, na baadhi ya washindi huitwa kutumbuiza mbele ya Rais.

Fikiria anachofanya mwanafunzi katika mchezo mmoja. Anasoma mswada mara nyingi kuliko anavyosoma tamthilia teule ya darasani. Anamjua mhusika wake kwa ndani: anataka nini, anaficha nini, kwa nini amesema hivi na si vile. Haya ndiyo maswali ya karatasi ya fasihi. Tofauti ni kwamba huyu ameyajibu kwa mwili wake na hatayasahau. Mwalimu wa fasihi anayelalamika kwamba drama imemchukulia wanafunzi angefaidika kuketi kwenye mazoezi yao jioni moja.

Hapa ndipo penye ile chembe ya ukweli niliyoitaja. Zipo shule zinazomwajiri mkufunzi wa nje, anakuja na mswada aliouandika mwenyewe, anawakaririsha watoto usiku na mchana, anachukua ada yake na kombe linabaki ofisini. Watoto hawa wamepoteza vipindi na hawakuandika hata mstari mmoja. Lawama hiyo ni halali, na dawa yake ni kumpa mwalimu wa shule muda na bajeti ili mswada uzaliwe na wanafunzi wenyewe. Kufuta drama hakuponyi chochote.

Wanaosema jukwaa la shule ni burudani tu wakumbuke Butere Girls. Mwaka 2013 mchezo wao ulizuiwa kwenda tamasha la kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipouruhusu. Aprili 2025 walifika Nakuru, tena wakiwa na amri ya mahakama mkononi. Wakaimba wimbo wa taifa na kushuka jukwaani bila kuigiza, huku nje polisi wakirusha vitoa machozi. Hakuna anayeipelekea polisi burudani isiyo na uzito.

"Muziki? Mpe mwalimu yeyote anayeimba kanisani."

Kuongoza kwaya vizuri ni sifa, na kufundisha Muziki ni taaluma. Somo hili katika KCSE lina karatasi tatu: ya utendaji, ya kusikiliza, na ya historia na uchambuzi. Katika ile ya kusikiliza mwanafunzi husikia melodia na kuiandika kwa nota. Huwezi kumfundisha hilo kama wewe mwenyewe huisomi nota. Sanaa na Ubunifu nayo ina karatasi ya nadharia, ya vitendo, na mradi unaofanywa kwa muda mrefu, ukihitaji rangi, karatasi nzuri na mahali pa kuhifadhi kazi isichanike. Shule nyingi hazina haya masomo kabisa, na sababu ni ukosefu wa mwalimu na vifaa. Akili za watoto hazihusiki.

"Lugha ya Ishara ni Kiswahili cha mikono."

Sivyo. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na uso na mwili hubeba sehemu ya maana. Haifanani na ile ya Marekani au ya Uingereza kiasi cha watumiaji kuelewana bila kujifunza. Katiba ya 2010 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwanafunzi asiye kiziwi pia anaweza kuisoma.

"Akichagua lugha, amechagua mkondo wa sanaa."

Hili linawachanganya wazazi wengi wa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, na kosa lake ni la gharama. Mikondo ni mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Fasihi ya Kiswahili, Fasihi ya Kiingereza, lugha za kiasili, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kimandarini ziko chini ya Sayansi za Jamii. Mkondo wa Sanaa na Michezo una Muziki na Densi, Uigizaji na Filamu, uchoraji na uchongaji, na michezo. Kila mwanafunzi, awe mkondo wowote, anasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na huduma kwa jamii, kisha anachagua masomo matatu.

Kwa hiyo hata anayetaka udaktari bado yuko mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili.

Wizara ilikadiria kwamba takriban asilimia 60 ya wanafunzi wangeingia STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Wengine wameisoma 15 hiyo kama daraja la chini. Ni makadirio ya nafasi.

"Lugha haina kazi."

Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inakihitaji. Wakalimani, watafsiri, wahariri, watangazaji, waandishi wa miswada ya filamu na walimu hutoka hapa. Sitadai kazi hizo zinamsubiri kila mhitimu. Hazimsubiri, kama ambavyo hospitali haimsubiri kila aliyesoma Biolojia. Anayeipata ni aliyefunzwa vizuri.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayetaka lugha au mkondo wa sanaa aiulize shule maswali mahususi kabla ya kujaza chaguo, maana si kila shule ina mikondo yote mitatu. Nani atafundisha Uigizaji na Filamu, na alisomea nini chuoni? Muziki uko kwenye ratiba ya asubuhi, au umeachiwa saa kumi na moja jioni watoto wakiwa wamechoka? Kuna ala ngapi, na zinachezeka? Mswada wa drama wa mwaka uliopita uliandikwa na nani? Mwalimu wa Kiswahili hutoa insha ngapi kwa muhula, na je, huzirudisha zikiwa zimesahihishwa?