Tumbo la Jumatatu asubuhi

Kliniki yetu ya watoto hufurika Jumatatu. Juzi aliingia mama na mwanawe wa miaka minane, mkononi bahasha ya majibu: choo, mkojo, damu, ultrasaundi. Vyote safi. Dawa ya minyoo mtoto ameshapewa mara tatu mwaka huu. Nilipombonyeza tumbo hakunitazama mimi, alimtazama mama yake. Mama akikunja uso, naye anakunja.

"Bado linauma, baba?" Ilikuwa mara ya nne mama kumuuliza tangu wakae.

Maumivu haya si ya kuigiza. Ubongo na utumbo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu, kwa hiyo hofu husokota tumbo kwelikweli, huleta kichefuchefu na kuharibu usingizi. Na mtoto huisoma hofu usoni mwa mzazi kabla hajajua kusema. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya kioo kilichoonekana kama kina shimo chini yake, mama akiwa ng'ambo. Kati ya 19 walioonyeshwa uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 walioonyeshwa uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja.

Utafiti mwingine, wa 2006, uliwanywesha watoto maji mpaka matumbo yakajaa. Mzazi alipong'ang'ania kuuliza na kutoa pole, malalamiko yaliongezeka karibu maradufu. Alipozungumzia mambo mengine, yalipungua kwa nusu hivi.

Simlaumu mama huyu. Mwanawe aliwahi kulazwa kwa malaria kali, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilimwomba jambo moja tu: asubuhi aseme, "Najua linauma, pole. Vaa viatu twende," kisha asiulize tena. Lakini mtoto akitapika nyongo, akitoa damu kwenye choo, akikonda, akiwa na homa isiyoshuka au akiamshwa usiku na maumivu, hiyo ni habari nyingine kabisa. Aletwe haraka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwahi kuwafundisha wazazi peke yao jinsi ya kukabiliana na wasiwasi wa watoto wao, na watoto wakapata nafuu sawa na wale waliotibiwa wenyewe. Ndiyo maana nilimgeukia mama nikamuuliza analalaje.

Akacheka. "Mimi, dokta? Mgonjwa si huyu?" Kisha akanyamaza, akasema hajalala usiku mzima tangu mwezi wa tatu.

Nikamfungulia naye faili.