Maswali ya baada ya kikao: transijenda na kituo cha afya Uganda

Kwenye vikao vya afya vya Kisenyi na Katwe, Kampala, maswali ya maana huja viti vikishakusanywa, mtu akikusogelea na kukuvuta pembeni. Haya ni baadhi yake.

Transijenda ndiye huntha?

Hapana. Huntha huzaliwa na mwili ambao maumbile yake si ya kike tupu wala ya kiume tupu. Transijenda ni mtu ambaye jinsia anayojijua nayo haiwiani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Anampenda nani, hilo ni jambo jingine kabisa. Shirika la Afya Duniani limeitoa hali hii kwenye kundi la magonjwa ya akili, na orodha yake mpya ya magonjwa ilianza kutumika Januari 2022. Kwa hiyo wanaosema "mpelekeni Butabika", hospitali ya wagonjwa wa akili, wamepitwa na wakati.

Nesi akinijua, sheria inamtaka aniripoti polisi?

Haimtaki tena. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 kilimtaka anayekushuku aende kuripoti. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta, pamoja na vingine vichache. Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha: sehemu kubwa ya sheria hiyo imebaki, na kifungo cha maisha kwa ngono ya watu wa jinsia moja kimo. Ila inachoadhibu ni matendo, si kujitambulisha tu. Muswada uliopitishwa Machi 2023 ulimgusa hata anayejitambulisha kuwa transijenda, na maneno hayo yaliondolewa kabla Rais hajausaini. Askari wa mtaani hapambanui hivyo, tunajua.

Upande wa hospitali, Wizara ya Afya ilitoa waraka Juni 2023: mgonjwa asinyimwe huduma wala kubaguliwa, na siri yake itunzwe. Nesi akikutisha, muulizie msimamizi wa kituo, umtajie waraka huo.

Wananiita jina la kike mbele ya foleni nzima. Nifanyeje?

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi, na chanzo ni daftari. Kituo cha serikali unakwenda na daftari la shule ulilolinunua mwenyewe. Daktari anaandika humo, na jina lako liko juu ya jalada. Sasa jalada limeandikwa Nakato. Kwa Waganda jina hilo halina maficho: ni pacha wa pili wa kike, angekuwa wa kiume angeitwa Kato. Nesi anaita "Nakato!", anainuka kijana mwenye ndevu, benchi zima linageuka. Nimewahi kumwona mmoja akikaa kimya kana kwamba hakusikia, daftari lake likapelekwa chini ya rundo, likaitwa tena, akakaa tena. Alirudi nyumbani na homa yake.

Fika mapema, kabla watu hawajajaa. Mwambie anayepokea madaftari kwa sauti ya chini: "Nesi, naomba uniite kwa jina la ukoo." Kipimo cha malaria hakihitaji jina la pacha. Kuhusu jinsia kwenye kumbukumbu za serikali, Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inaruhusu kuibadilisha kwa mtoto huntha aliyefanyiwa upasuaji, transijenda haikumtaja.

Nameza vidonge vya uzazi wa mpango ili nipate matiti. Vina ubaya?

Vinao. Estrojeni, yaani homoni ya kike, iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa kuliko estradioli, aina ya estrojeni wanayotumia madaktari. Kumeza vitatu au vinne kwa siku hakuharakishi matiti, kunaongeza hatari tu, na ukivuta sigara ndiyo unazidisha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakubana ghafla, panda boda uende hospitali saa hiyohiyo. Na uwaambie ulichomeza. Bila hivyo wanabahatisha.

Testosteroni imenikatisha hedhi. Bado naweza kushika mimba?

Ndiyo. Testosteroni, homoni ya kiume, si kinga ya mimba, na mimba ikiingia dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto. Kama mlango wa kizazi upo, uchunguzi wa saratani yake unakuhusu pia, ndevu au bila ndevu. Sindano usichangie na mwenzako hata kama dawa ni ya chupa moja.

Dawa ya kujikinga na VVU inapatana na homoni?

Inapatana. Lakini anayetumia estradioli ameze kidonge kila siku. Ule mtindo wa kumeza siku za tendo tu haumfai.

Nabana kifua kwa bandeji. Ni sawa?

Bandeji hapana, maana huendelea kukaza kadiri unavyopumua, na inaweza kuumiza mbavu. Tumia fulana ya kubana inayokuenea, uivue ukitimia muda wa saa nane tangu uivae, na usilale nayo hata siku moja.