Onyesho si jua kuchomoza: dhana potofu za waandishi wa hadithi

Miswada mingi inayomfikia mhariri hapa Dar es Salaam hufunguka vilevile: jua linachomoza, ndege wanalia, mhusika anaamka, anapiga mswaki. Muulize mwandishi sababu, atakujibu, "Si lazima msomaji aone mandhari kwanza?" Dhana hii inaua hadithi kuliko nyingine zote, kwa hiyo tuanze nayo.

Mandhari ni mahali na wakati. Onyesho ni mtu anayetaka kitu, kizuizi kilichosimama mbele yake, na hali iliyokwisha kubadilika anapoondoka. Kikikosekana kimoja, umechora picha ya ukutani, hata ukiipamba kurasa kumi.

Chukua nyumba ya kupanga Manzese, vyumba sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mwandishi wetu ataeleza bati, mtaro na moshi wa mama ntilie kwa aya nne. Mhusika wake, Zawadi, atatokea aya ya tano, ameketi kitandani anawaza. Hakuna onyesho bado! Anza hapa: LUKU imeisha saa mbili usiku, Zawadi ana nguo za mteja za kupiga pasi kabla ya alfajiri, na zamu ya kununua umeme ni ya Mama Nuru, ambaye anamdai Zawadi elfu kumi. Zawadi anasimama mlangoni.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeniletea ile elfu kumi?"

Mistari miwili, na aliyekuja kudai amegeuka mdaiwa. Mandhari itajiingiza humo humo. Mama Nuru anawasha tochi ya simu na kummulika Zawadi usoni. Zawadi hamwoni anayezungumza naye. Giza la chumba limekuwa silaha ya mmoja wao. Vitu viwili au vitatu vya namna hiyo vinatosha. Bati halina kazi usiku huo, liache.

Ukitaka kujipima, andika kwa penseli juu ya kila onyesho: anaingia akitaka nini, anatoka na nini. Zawadi aliingia akidai umeme, anatoka ameahidi kufua nguo za Nuru mwezi mzima. Hapo pamebadilika kitu. Majibu mawili yakifanana, futa onyesho au lifanye sentensi moja. Kisha funika aya ya kwanza kwa kiganja na usome kuanzia ya pili. Mara nyingi hakuna kinachopungua, na aya hiyo inapaswa kuondoka hata kama ndiyo uliyoihangaikia wiki nzima.

Wengine wanashikilia kwamba dayalojia nzuri hufuata maongezi halisi neno kwa neno. Kwa salamu zetu? Habari za nyumbani, watoto, kazi, na nusu ukurasa umekwisha. Msomaji anajua watu walisalimiana. Bakiza salamu pale inapobeba jambo: kijana anayempita baba mkwe wake bila shikamoo amesema neno zito kuliko tusi.

Kwamba kila kinachotokea kionyeshwe, nayo si kweli. Safari ya daladala kutoka Mbagala isiyokuwa na kisa ni sentensi moja: "Alishuka Kariakoo shati limemganda mgongoni." Kinachosikitisha ni kinyume chake: mswaki unapewa ukurasa mzima, halafu talaka inasimuliwa kwa mistari mitatu kwa sababu mwandishi ameogopa kukaa chumba kimoja na wale wawili. Kaa nao. Pale unapoona uchungu wa kuandika ndipo msomaji alipokuwa anapasubiri.

La mwisho ni kwamba onyesho lazima liishie kwa mshtuko: bastola, ajali, mtu kuzirai. Taharuki haihitaji kelele, inahitaji swali lililobaki wazi. Zawadi yuko kwenye mita, kidole tayari. Mama Nuru anamsomea tarakimu 20 za LUKU, moja moja. Akifika ya 19 ananyamaza.

"Hizo nguo za Nuru unaanza lini?"

Kata hapo.